Kibuyu cha Ndera na Hesabu ya Mataifa

Bismillahi. Vijana wangu wa ofisi ya maendeleo, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi yalivyokuwa zamani. Saa inakwenda vizuri. Mimi nakwenda polepole zaidi, lakini nitajaribu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vimo kwenye mafaili, na mafaili, Alhamdulillahi, mchwa wameshayashughulikia. Nitaandika juu ya kazi yangu ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo iliyonifunza kumwuliza mtu swali, na kwa sababu nawaona mkitoka na karatasi zenu asubuhi kwenda vijijini na kurudi kabla ya chakula cha mchana, mmeshamaliza.

Nilizaliwa Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani, mama Mpokomo. Nilisoma chuo cha Kurani kwa maalim mmoja mpole aliyetaka nibaki nimsaidie kufundisha watoto. Lakini katika miaka ya hamsini Serikali ilitafuta mkalimani wa kukaa Garsen, na mimi nilikuwa na Kipokomo cha mama, Kiorma cha sokoni, na Kiingereza cha kutosha kusoma barua na kuijibu. Nikachukuliwa. Nilipokwenda kumuaga maalim hakuniuliza nitalipwa nini. Alisema, "Mwanangu, mkalimani ni mchukuzi. Utapewa maneno ya mtu umfikishie mwenzake. Ukiyapenda, yafikishe. Ukiyachukia, yafikishe vilevile." Kisha akaniombea dua, nami nikapanda mtumbwi.

Siku yangu ya kwanza Garsen niliambiwa nikamngoje mgeni kwenye kivuko. Wakati ule pantoni ilivutwa kwa kamba, na wavutaji walikuwa na desturi ya kupumzika katikati ya mto kila walipokuwa na mgeni, ili awaonee huruma. Mgeni huyu hakuwaonea huruma. Alivua viatu, akashika kamba, akavuta pamoja nao. Alikuwa mrefu, mwekundu kama tofali, na shingoni alikuwa amejining'iniza kikombe cha bati chenye alama za vipimo. Kabla hajafika ng'ambo alikuwa ameshapewa jina: Bwana Kikombe. Jina lake la kwao lilikuwa Lasse, na kwao ni Ufini, kaskazini sana, ambako alisema mto huganda hata lori likapita juu yake. Wavutaji waliponiomba niwatafsirie hilo niliwatafsiria, na mmoja, aliyeniita Maalim kwa ajili ya kofia yangu, akaniambia, "Maalim, sema vizuri. Mtu amesema nini kweli?"

Kiingereza hakikuwa lugha yake wala yangu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Hakuna aliyemwonea haya mwenzake.

Kazi yake ilikuwa hii. Alikuwa akizunguka nchi mbalimbali akitazama watu wanakunywa pombe kiasi gani na kwa namna gani, kisha akilinganisha na maendeleo ya nchi zao: mashamba, viwanda, afya, shule. Alikuwa na karatasi moja kubwa yenye majina ya mataifa, na alitaka kuongeza humo watu wa mto Tana. Nilimwambia mapema, ili asije akasema nilimficha, "Bwana, mimi ni Mwislamu. Sinywi, na sijawahi kukaa penye kinywaji."

"Vizuri," akasema. "Nchi nyingine nilipata mkalimani mnywaji. Mahojiano yalikuwa mafupi na yeye alikuwa na furaha mno."

Tulianzia dukani kwa Abdi, Msomali aliyekuwa akiuza sukari, majani ya chai na nguo karibu na soko la ng'ombe. Abdi alisikiliza maelezo yote, mikono kifuani.

"Mwulize," akaniambia, "nchi yake ni tajiri?"

Nikamwuliza. Bwana Lasse akasema wastani, lakini inapanda.

"Na watu wake wanakunywa?"

"Wanakunywa."

"Sisi hatunywi kabisa," Abdi akasema. "Mimi sinywi, hawa Waorma wenye ng'ombe sokoni hawanywi, baba zetu hawakunywa. Mbona basi barabara yetu ni tope na yake ina lami? Maendeleo yamo ndani ya chupa?"

Nilitafsiri kwa hofu kidogo. Bwana Lasse alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari. Alisema swali lile ndilo lililomtoa kwao, na kwamba wakubwa waliomtuma walitaka jibu rahisi, ama kwamba pombe inafukarisha nchi au kwamba haifukarishi, na yeye kila alipokwenda hakulipata.

"Kama anataka kuandika kinachotufukarisha," Abdi akasema akimwondoa juu ya sukari yake, "aandike chai. Mteja wangu mmoja anakunywa ng'ombe mzima kwa mwaka."

Toka siku hiyo tulikuwa wageni wa Abdi, na chai yake ilikuwa nzuri.

Baada ya wiki chache tulipanda juu mpaka Ndera, kwa wakulima wa Kipokomo. Huko ndiko kulikokuwa na jambo lenyewe. Bwana mkubwa wa wilaya alikuwa ameona mashamba mengi hayajapandwa ingawa maji ya mafuriko yameshashuka, na kulikuwa na watu waliomwambia sababu ni tembo, ile pombe ya kugema. Mtajua kwamba kule hawana minazi mingi, hugema mikoma, miti ya jamii ya mnazi. Alikuwa amekusudia kupiga marufuku ugemaji na kuikata mikoma yote inayogemwa. Mashoka yalikuwa yameshaletwa. Lakini alikuwa mtu wa haki, akasema atangoja kwanza hesabu ya Bwana Lasse.

Mwenyeji wetu Ndera alikuwa mgema mwenyewe, Mzee Jilo. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye mguu mmoja uliopinda toka kiboko alipomshika shambani akiwa kijana. Mkwezi wa ajabu: ardhini alichechemea, mtini hukuuona ulemavu wake. Kulima hakuweza. Kusimama kwenye tope siku nzima na jembe, mguu ule haukumruhusu, na mkewe alikuwa ameshafariki. Lakini shamba lake lilikuwa limelimwa vizuri, nami nilimwuliza limelimwa na nani.

"Na wao," akasema akionyesha kijiji kizima kwa kidevu. "Mimi natoa tembo, wao wanatoa mikono. Ujima ukienda kwa Komora, tembo langu linakwenda kwa Komora. Ukienda kwa Buya, linakwenda kwa Buya. Halafu siku moja ujima unakuja kwangu. Unaona mikoma ile? Ile ndiyo jembe langu."

"Na ikikatwa, mzee?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jua litazama wapi. "Nitaomba chakula," akasema. "Watanipa. Hawataninyima. Lakini nitaomba."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bwana Lasse hakuandika. Alikizungusha tu kikombe chake.

Nisiwafiche, nilivyokuwa nafikiri ni kwamba mikoma ikikatwa itakuwa kheri. Wengi wa Ndera walikuwa Waislamu wenzangu, na tembo lilikuwa likinywewa hata hivyo. Hilo lilikuwa jambo kati yao na Mola wao, lakini kila Ijumaa nilikuwa nikiwaombea waliache. Wakati huohuo nilikuwa nimeshampenda Mzee Jilo. Moyo wa mtu una vyumba, na si vyote vinavyopokea mgeni mmoja.

Tukaanza kuuliza. Kila mtu mzima aliulizwa jana alikunywa vibuyu vingapi, juzi vingapi. Kwanza Bwana Lasse alipima kibuyu cha kijiji kwa kikombe chake cha bati, na watu walikuja kutazama. "Anapimia dawa?" mmoja akauliza. "Ndiyo," Mzee Jilo akasema, "kijiko kimoja asubuhi, kibuyu kimoja mchana." Maswali yalikuwa wazi, majibu yalikuwa wazi. Vitatu. Viwili. Jana vitatu, juzi vinne. Waliniambia bila haya na bila majivuno, na mimi nilitafsiri sawasawa. Nilisimama mlangoni, nikauliza, nikapokea jibu, nikaenda mlango wa pili. Bwana Lasse akajumlisha, akashangaa, akajumlisha tena. Muhtasari ukatangulizwa Garsen kwa sababu bwana mkubwa alikuwa na haraka, na baraza likatangazwa.

Siku tuliyopaswa kuanza kufunga mizigo, ujima ulikuwa kwa Komora, na Bwana Lasse akasema anataka kwenda. "Nimeandika wanakunywa kuliko nchi zote nilizopita," akasema. "Na bado sijamwona mlevi hata mmoja. Kitu hiki kinanisumbua."

Hakuweza kwenda bila mimi. Nilisema moyoni, Mola wangu, wajua nia yangu, nikakaa upande unaotoka upepo.

Komora alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, mkuu wa ujima. Watu kumi na kitu, wake kwa waume, walikuwa wamejipanga kwenye udongo mweusi wakichimba mashimo na kufukia mbegu huku wakiimba. Jua lilipopanda, kibuyu kikaja. Wakakaa duara, aliyeanza ni mkubwa kuliko wote. Akamimina kidogo chini, akapiga mafunda mawili, akampa wa pili. Wa pili akanywa mafunda mawili, akampa wa tatu. Kikazunguka mpaka mwisho, kikaisha, wakarudi kwenye mashimo yao. Baadaye kikaja cha pili, wakazunguka vilevile. Mwisho cha tatu, walipomaliza. Mzee Jilo aliyekileta alinywa funda moja tu, la adabu.

Jua lilipoinama Bwana Lasse akasema, "Waulize. Kama tulivyouliza siku zote."

Nikamwuliza Komora, "Leo umekunywa vibuyu vingapi?"

"Vitatu."

Nikamwuliza aliyekuwa kando yake. "Vitatu." Mwanamke wa mwisho kwenye duara: "Vitatu." Wote. Bwana Lasse aliacha mdomo wazi.

"Ndugu yangu," nikamwambia Komora, "vibuyu vilivyokuja hapa vilikuwa vingapi?"

"Vitatu. Kwani wewe hukuwepo?"

"Na wewe umekunywa vitatu?"

"Vitatu."

"Na huyu?"

"Naye vitatu! Tulikuwa pamoja."

"Lakini fungu lako wewe, peke yako…"

Komora akawageukia wenzake. "Huyu kijana wa Kipini ananiuliza fungu langu! Mimi ni mwizi? Mtu anayejua fungu lake ni mtu aliyekunywa mafichoni." Wote wakacheka, na mwanamke mmoja akaniambia kwa huruma, "Mwache, Maalim. Wewe hukulelewa kwenye kibuyu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kule, kilichozungushwa ni chako chote ukiwa umekaa kwenye duara. Kusema "nimekunywa nusu" ni kusema umejitenga na wenzako, na hilo ndilo lililokuwa aibu kwao, kuliko kunywa. Hakuna aliyetudanganya. Tulikuwa tumekihesabu kibuyu kimoja mara nyingi kama walivyokuwa watu waliokaa kukizunguka.

Bwana Lasse alikaa chini kwenye udongo uliochimbwa. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anamkumbuka baba yake. "Baba yangu," akasema, "kwa mwaka hakunywa kiasi anachokunywa Mfaransa. Mfaransa hunywa kidogo kila siku, mezani, watoto wakimtazama. Baba yangu alikaa wiki nzima bila tone, na Jumamosi alikunywa yote kwa mara moja, amesimama, na watu asiowajua. Kwenye karatasi yangu baba anaonekana mtu mzuri kuliko Mfaransa." Akainuka, akapangusa suruali. "Twende Garsen."

Barabara ilikuwa tope, tukashuka kwa mtumbwi, Mzee Jilo na Komora wakiwa nasi. Mzee hakuzungumza njia nzima ila mara moja, tulipopita kiboko aliyekuwa amezama mpaka masikio. Alimnyooshea kidole akamwambia, "Ng'ombe wewe. Ulianza wewe."

Garsen nilipita kwa Abdi kunywa chai kabla ya baraza. Alikuwa ameshasikia.

"Nyamaza tu, Maalim," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mzungu amekosea hesabu yake mwenyewe, wewe inakuhusu nini? Mikoma itakatwa, watu wataacha tembo. Si ndicho unachoomba kila Ijumaa?"

"Naomba waache, Abdi. Siombi wasingiziwe."

Alinitazama, akanimiminia chai nyingine. Baraza lilipoanza nilimwona amefunga duka na amekuja kukaa mbele.

Bwana mkubwa wa wilaya alisoma muhtasari. Kwa hesabu hiyo watu wa Ndera waliwapita Wafini, Wafaransa na kila taifa lililokuwa kwenye karatasi. Nilitafsiri kwa sauti. Komora, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza, akapaza sauti, "Hata Wazungu tumewashinda!" na watu wakapiga makofi. Mzee Jilo peke yake hakupiga. Alikuwa akiyatazama mashoka yaliyoegemezwa ukutani.

Hapo Bwana Lasse akasimama, akasema hesabu ile si sahihi, na kwamba mkalimani ataeleza tulichokiona. Nikaeleza: kibuyu, duara, mafunda mawili, vitatu vya Komora na vitatu vya kila mtu. Watu walianza kutazamana, kisha wakaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilimsaidia bwana mkubwa kuamini kuliko maneno yangu.

Lakini alikuwa mtu makini. Akanigeukia. "Wewe ni mtu wa dini. Unaniambia tembo ni kitu kizuri?"

"La, bwana," nikasema. "Kwangu ni haramu, na wote hawa wanajua. Kwenye matanga na harusi wanakunywa kupita kiasi, na huyu Komora alishawahi kulala mtaroni. Kama ungeniuliza ninachopenda, ningesema waache. Lakini hukuniuliza hilo. Umeuliza kama tembo ndilo linaloacha mashamba bila kupandwa. Nilichokiona ni kwamba kibuyu kile huita majembe. Penye ujima pamepandwa. Mashamba yasiyopandwa tuliyapita njiani, na wenyewe wako Malindi na Lamu wakitafuta kibarua. Na mzee huyu mguu wake hauwezi kushika jembe. Mikoma ikikatwa leo, atakayelima shamba lake ni nani?"

Bwana mkubwa alimtazama Mzee Jilo. Mzee alipandisha shuka akamwonyesha mguu.

Bwana mkubwa akamwambia askari ayarudishe mashoka stoo. Akasema mambo ya matanga na harusi atayazungumza na wazee wenyewe, na tembo la kuuza nje ya kijiji atalipiga marufuku. Nilitafsiri hayo pia, kwa moyo wote.

Wakati wa kutoka Abdi alinipita bila kusimama. "Ijumaa uombe kwa nguvu zaidi," akasema. "Mashoka umeyaondoa wewe."

Nimefanya hivyo kwa miaka mingi.

Tulirudi Ndera kuuliza maswali upya, safari hii tukikaa kwenye majamvi, tukishinda mashambani, bila kuharakisha. Bwana Lasse aliacha kuuliza vingapi. Aliuliza nani alikuwepo, nani aliyeanza, baadaye mlikwenda wapi. Kazi iliyokuwa ya siku chache ikawa ya msimu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, vijana wangu, na kama mnaona ninapoteza muda kwenye majamvi ya watu, mjue nilifundishwa.

Asubuhi ya kuondoka, nilipomaliza sala ya alfajiri, nilimkuta Mzee Jilo ameketi nje ya kibanda chetu akinisubiri. Mikononi alikuwa na kibuyu kidogo, cheupe, kilichokaushwa karibuni.

"Hiki kipya," akasema. "Hakijawahi kuingia tembo. Nimekifunga mtini sasa hivi, nimekaa huko juu nikikingoja, nimeshuka nacho. Maji ya mkoma tu, Maalim. Matamu. Hayajaanza kuchacha. Nusa."

Nikanusa. Maalim wangu alitufundisha kwamba maji ya mti kabla hayajageuka ni maji ya mti, riziki kama maji ya muwa. Hapakuwa na povu wala harufu kali, ila harufu tamu ya jani lililokatwa. Nikafikiri juu ya mzee yule amekaa gizani kileleni na mguu wake, akikilinda kibuyu kisichache kwa ajili yangu. Nikasema Bismillahi, nikapiga mafunda mawili. Bwana Lasse alikuwa ametoka. Nikampa, naye akanywa mawili. Akamrudishia Mzee Jilo, naye akamaliza.

Bwana Lasse akaushika ule mkono wa kikombe chake cha bati, akanitazama kwa uso wa kazi.

"Mkalimani," akasema, "maisha yako yote, umekunywa vibuyu vingapi?"

Miezi yote ile jibu langu lilikuwa ni hapana, sijawahi. Nikamtazama Mzee Jilo.

"Kimoja," nikasema.

Nikamtafsiria mzee. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi kimoja," akasema.

"Na mimi kimoja," akasema Bwana Lasse. "Jumla vitatu."

Tukashuka mtoni kupakia mizigo, na mzee akatufuata akichechemea, kibuyu kile kimoja kikining'inia mkononi mwake.